Zabibu Kavu za Jumla: Zinavyokaushwa, Zinavyopangwa Madaraja na Namna ya Kuzinunua

Muuzaji akikuambia "hii ni daraja la kwanza", mwulize: la kwanza kwa kipi? Kwa rangi, kwa ukubwa wa punje, au kwa usafi? Katoni mbili zinaweza kuitwa daraja la kwanza zote, moja ikiwa na zabibu za dhahabu zilizofukizwa salfa, nyingine ikiwa na zabibu nyeusi zilizoanikwa juani bila kutiwa chochote, na bei zake zisikaribiane. Anayenunua katoni kumi za duka la viungo Kariakoo na anayeagiza kontena zima kupitia bandari ya Mombasa wanahitaji kitu kilekile: kujua zabibu zimepita wapi kabla ya kufungwa. Kila hatua ya njiani huacha alama, na nyingi ya alama hizo unaweza kuziona kwa macho au kuzipima kwa mizani ya dukani.

Hapa nafuata zabibu za Manisa, magharibi mwa Uturuki. Nchi hiyo ni miongoni mwa wauzaji wakubwa kabisa wa zabibu kavu duniani, na wafanyabiashara wake wamezoea kuitaja zabibu kwa namba, jambo linalomsaidia sana mnunuzi aliye mbali. Pale inapobidi nitachepuka kwenda California, Afghanistan na Dodoma.

Hatua ya 1: Jua aina ya zabibu

Sehemu kubwa ya zabibu kavu za jumla hutokana na zabibu moja nyeupe isiyo na mbegu. Waturuki huiita Sultani. Wamarekani huiita Thompson Seedless, kwa jina la mkulima William Thompson aliyeieneza California katika miaka ya 1870. Wauzaji wa Iran, Afghanistan na India watakuandikia kishmish. Ngozi yake ni nyembamba, sukari yake hupanda vizuri, na ikikauka hubaki laini mdomoni.

Nje ya hiyo utakutana na zabibu ndogo nyeusi za Ugiriki, zile za Korintho, ambazo waokaji huzipenda kwa sababu hutawanyika vizuri kwenye donge la keki. Na zabibu za Muscat, kubwa, zenye harufu nzuri lakini zenye mbegu. Hizi ni biashara nyingine zenye vipimo vyake. Usikubali bei ya aina moja itumike kukadiria nyingine.

Kwa mkulima wa Dodoma, aina ndilo swali la kwanza kabisa. Makutupora Red na Chenin Blanc ni zabibu za mvinyo, na zina mbegu. Ukizianika zitakauka, ndiyo, lakini mwokaji hatazitaka mpaka mbegu zitolewe, na kazi hiyo inahitaji mashine. Tena Dodoma huvuna mara mbili kwa mwaka, na mavuno ya mwanzoni mwa mwaka huangukia kwenye mvua. Ya Agosti na Septemba ndiyo yenye jua la kukaushia. Anayetaka kuingia kwenye zabibu kavu kwa dhati aanze na miche isiyo na mbegu, na alenge mavuno ya kiangazi.

Hatua ya 2: Vuna sukari, usivune uzito

Kwenye bonde la mto Gediz, kuanzia Alaşehir na Salihli hadi Manisa yenyewe, zabibu za kukausha huvunwa Agosti hadi Septemba. Mkulima makini hubeba kipima sukari shambani: hukamua punje chache kutoka pande mbalimbali za mzabibu, hudondosha juisi kwenye kioo cha kipimo, na kusoma digrii za Briksi, yaani asilimia ya sukari kwenye juisi. Akipata 22 au zaidi anakata. Akipata 18 anasubiri, hata kama jirani yake ameshaanza.

Kwa hesabu ya karibu, kilo 100 za zabibu mbichi zenye sukari ya 22, zikikaushwa hadi unyevu wa asilimia 15, hutoa kilo 26 hivi. Zilezile zikivunwa kwenye 18 hutoa kilo 21 tu. Kazi ni ileile, vibarua ni walewale, lakini kilo tano zimepotea. Ndiyo maana husemwa kwamba kilo moja ya zabibu kavu hula kilo nne hadi nne na nusu za mbichi.

Mnunuzi naye hili linamhusu. Punje iliyovunwa changa haina nyama ya kutosha. Ikikauka hubaki ngozi tupu, nyepesi, yenye makunyanzi makali na ladha ya uchachu. Hakuna mashine ya kiwandani inayoweza kuiongezea sukari. Inachoweza ni kuiondoa tu, na gharama ya kuiondoa inaingia kwenye bei yako.

Hatua ya 3: Kuchovya, au kutochovya

Hapa ndipo rangi inapoamuliwa, na kwa kiasi kikubwa ndipo bei inapozaliwa.

Punje ya zabibu imevikwa nta nyembamba inayozuia maji yasitoke. Ukianika kichala kama kilivyo, maji hutoka polepole mno. Kwa wiki mbili hadi tatu juani, vimeng'enya vilivyomo ndani ya punje hupata muda wa kuigeuza kuwa ya kahawia, kisha karibu nyeusi. Hiyo ndiyo zabibu ya asili ya California: haikutiwa kitu, ina ladha nzito na rangi ya giza.

Manisa wanafanya vingine. Kwenye lita 100 za maji huyeyusha kilo 5 za potasiamu kaboneti, ile potashi ambayo zamani ilitolewa kwenye jivu la kuni, kisha humimina mafuta ya zeituni, nusu lita hadi lita moja, na kukoroga mpaka maji yawe na rangi ya maziwa. Vichala huwekwa kwenye vikapu vyenye matundu, huzamishwa kwa muda mfupi, hutolewa na kuachwa vichuruzike. Mchanganyiko huo hauichani ngozi. Huivuruga ile nta tu, na maji yakapata njia. Zabibu iliyochovywa hukauka kwa siku 7 hadi 10 jua likiwa zuri, na kwa kuwa imekauka upesi hubaki na rangi ya kaharabu, kati ya manjano na kahawia.

Anayetaka kujaribu nyumbani asibadilishe potashi kwa magadi. Magadi tunayoyajua jikoni ni chumvi ya sodiamu, na kipimo hiki hakikuwekwa kwa ajili yake. Avae glavu pia, maana mchanganyiko huo unaunguza ngozi.

Njia ya tatu ni ya zabibu za dhahabu. Hizi huchovywa, hufukizwa gesi ya salfa, kisha hukaushwa kwenye mitambo ya hewa ya moto badala ya juani. Salfa huzuia vimeng'enya vile, ndiyo maana punje hubaki ya manjano angavu hata baada ya miezi mingi. Codex, yaani viwango vya kimataifa vya chakula, inaruhusu hadi miligramu 1,500 za salfa dioksidi kwa kilo ya zabibu za namna hii. Hicho ni kiasi kikubwa kwa mtu mwenye pumu anayeguswa na salfa, na chochote kinachozidi miligramu 10 kwa kilo kinapaswa kutajwa kwenye lebo. Ukifungasha upya kwenye pakiti ndogo, andika. Mteja wako ana haki ya kujua.

Njia ya nne ni kivuli. Afghanistan wana nyumba za udongo zenye kuta zilizojaa matundu, ziitwazo kishmishkhana, na Turpan, magharibi mwa China, wana nyumba zinazofanana nazo. Vichala huning'inizwa gizani, upepo mkavu ukapita. Zabibu hutoka za kijani. Inachukua wiki kadhaa, na bei huonyesha hivyo.

Dhahabu zinavutia macho, na wateja wengi huamini kwamba weupe ni ubora. Mimi sikubaliani. Weupe huo ni habari ya jinsi zilivyokaushwa, hauelezi ladha. Kwa pilau, biriani au tambi za Idi, zabibu iliyochovywa ya rangi ya kaharabu hufura vizuri kwenye samli na haina harufu ya salfa. Za dhahabu zitunze kwa keki nyeupe na mapambo, pale rangi inapolipiwa.

Hatua ya 4: Kuanika

Swali la kumwuliza msambazaji ni moja: zimeanikwa juu ya nini? Zamani zilianikwa kwenye udongo uliosawazishwa. Siku hizi wengi hutumia sakafu ya zege, vitambaa vya plastiki vilivyofumwa, au waya zilizotandazwa juu ya nguzo ili hewa ipite chini na juu. Udongo huleta mchanga na vijiwe vidogo, na kijiwe kimoja kwenye keki kinatosha kukupotezea mteja wa miaka. California huzitandaza kwenye karatasi katikati ya mistari ya mizabibu, huzigeuza, kisha huviringisha karatasi zile zikamalizikia humo humo. Wengine huko hukata matawi na kuacha vichala vikauke vikiwa bado juu ya mzabibu, ili mashine ivune zikiwa tayari kavu.

Tabaka liwe jembamba, kichala kimoja kisilalie kingine. Usiku umande ukiwa mwingi, funika. Mvua ya ghafla ya Septemba ndiyo adui anayeogopwa zaidi Manisa: punje zilizolowa hupasuka, sukari hutoka nje, na ukungu huingia.

Ukungu hapa ni hatari kwa afya. Kuvu weusi wa jamii ya Aspergillus, hasa Aspergillus carbonarius, hutoa sumukuvu iitwayo okratoksini A, inayodhuru figo. Haionekani kwa macho, haina harufu, na kuoka keki hakuiondoi. Umoja wa Ulaya ulikuwa na kikomo cha mikrogramu 10 kwa kilo ya zabibu kavu, na mwaka 2023 ukakishusha hadi 8. Zabibu zilizonyeshewa, au zilizotobolewa na viwavi wa nondo wa mizabibu zikiwa bado shambani, ndizo zenye hatari kubwa. Kwa hiyo ukiagiza, uliza habari za mvua za msimu ule kabla hujauliza bei.

Zabibu zimekauka lini? Chota za kutosha kujaza kiganja, zibane kwa nguvu ukihesabu hadi tano, kisha fungua. Zikiachana zenyewe zimekaribia. Zikibaki donge, au vidole vikalowa, rudisha juani. Kwa kipimo, mkulima hulenga unyevu wa asilimia 13 hadi 15. Zikizidi kukauka huwa ngumu na kupoteza uzito bure.

Hatua ya 5: Kutenganisha na kuuza Izmir

Zikishakauka, mashine ndogo shambani huzipiga zitoke kwenye vichala, hupepeta majani na vijiti vikubwa, na mzigo hupelekwa kuuzwa. Soko la bidhaa la Izmir limekuwepo tangu 1891, na zabibu ni miongoni mwa bidhaa zake kuu. Bei yake hutajwa kwa namba ya rangi, kuanzia 7 ambayo ni nyeusi zaidi hadi 11 ambayo ni angavu zaidi. Namba 9 ndiyo kipimo cha kawaida. Hata shirika la serikali la mazao, TMO, likiingia sokoni kununua kwa wakulima, hutangaza bei kwa kuanzia namba 9, kisha nyingine hupangwa juu au chini yake.

Ukipata nukuu ya bei kutoka Uturuki isiyotaja namba, irudishe wakaijaze.

Hatua ya 6: Kiwandani

Kiwanda hupokea zabibu zilizochanganyika na kuzitenganisha. Kwanza chekecheo za matundu ya ukubwa mbalimbali hugawa punje kwa saizi. Kisha mashine ya kukwaruza huvunja vikonyo vidogo vilivyobaki kwenye kila punje, na feni hunyonya vikonyo hivyo pamoja na punje nyepesi zisizo na nyama. Zabibu huoshwa kwa maji safi, huzungushwa kwa kasi zitoe maji, na kupitishwa kwenye mashine za leza na kamera zinazotambua kijiwe, kijiti au punje iliyoharibika na kuipuliza nje. Baada ya hapo wafanyakazi hukaa kando ya mkanda na kuokota kwa mkono kilichobaki. Mwisho kuna kigunduzi cha chuma, na sehemu nyingi kuna mashine ya eksirei.

Kabla ya kufungwa hunyunyiziwa mafuta ya mimea kidogo sana, karibu nusu asilimia, zisishikane. Hufungwa kwenye katoni za kilo 10 au 12.5 zenye mfuko wa plastiki ndani. Mfuko huo mara nyingi ni wa bluu, kwa sababu ni nadra chakula kuwa na rangi hiyo: kipande chake kikichanika na kuangukia kwenye zabibu kinaonekana mara moja. Katoni za Marekani kwa kawaida ni za pauni 30, yaani kilo 13.6.

Hatua ya 7: Soma daraja kipengele kwa kipengele

Rangi tumeshaiona. Kumbuka tu kwamba kwenye zabibu za asili zisizochovywa namba za Izmir hazitumiki. Huko kinachotafutwa ni rangi inayolingana kutoka punje hadi punje.

Ukubwa hupimwa kwa idadi ya punje kwenye gramu 100. Kwa Sultani za Uturuki, Jumbo huwa na punje kati ya 200 na 250 hivi, Standard huishia karibu 320, Medium karibu 400, na Small huzidi hapo. Mipaka hii husogea kidogo kati ya kiwanda na kiwanda, hivyo andikisha idadi yenyewe, usiridhike na jina. Punje kubwa ni ghali, lakini si lazima ziwe tamu zaidi. Mwokaji wa mikate midogo anahitaji Small: kila mkate utapata punje nyingi, na mteja ataridhika kwa gharama ndogo zaidi.

Usafi hupimwa kwa kuhesabu. Wizara ya Kilimo ya Marekani, USDA, ina viwango vilivyo wazi kuliko vingi. Kwa zabibu zisizo na mbegu, daraja A huruhusu kipande kimoja tu cha kijiti cha kichala kwenye wakia 96, ambazo ni kilo 2.7 hivi, na daraja B viwili. Vikonyo vidogo vya kwenye punje huhesabiwa kwenye wakia 16, yaani gramu 454: A hadi 15, B hadi 25, C hadi 35. Hata kama hununui Marekani, hesabu hizo zinafaa kama fimbo ya kupimia mzigo wowote.

Ukomavu nao una kipimo. Daraja A hutaka angalau asilimia 80 ya uzito iwe punje zilizokomaa vizuri au vizuri kiasi. B asilimia 70, na C asilimia 55. California hupima jambo hili kwa mkondo wa hewa: sampuli hupitishwa kwenye upepo wenye nguvu maalumu, punje zenye sukari zikabaki, nyepesi zikapeperushwa. Ukitazama zabibu kwa karibu unaweza kukisia matokeo bila mashine. Punje iliyokomaa ina makunyanzi ya duara, mapana na yasiyo na kina, na ukiifinya inajaa vidoleni. Iliyovunwa changa ina makunyanzi membamba yaliyochongoka, na ukiifinya vidole vinakaribia kugusana.

Halafu unyevu. Codex na USDA huweka kikomo cha asilimia 18 kwa zabibu za kawaida zisizo na mbegu. Hapa ndipo pesa nyingi hupotea kimyakimya. Tani moja yenye unyevu wa asilimia 18 ina kilo 180 za maji. Yenye 14 ina kilo 140. Kwenye kontena la tani 20 tofauti hiyo ni kilo 800 za maji ulizozilipia kwa bei ya zabibu. Zote mbili zimepita kiwango, na muuzaji hajavunja sheria yoyote. Ni wewe uliyepaswa kuandika "usizidi asilimia 16" kwenye oda. Usiibane chini ya 13 pia, maana zitakufikia zikiwa kokoto na waokaji watazirudisha.

Hatua ya 8: Pima sampuli mwenyewe

Omba sampuli ya kilo mbili au tatu kutoka kwenye mzigo uleule utakaopakiwa, yenye namba ya toleo, yaani namba ya fungu la zabibu zilizofungashwa pamoja. Ukinunua hapa nchini, chagua katoni mwenyewe kutoka juu, katikati na chini ya rundo, na chota kutoka ndani, si za juu tu.

Anza na pua. Fungua mfuko na kuvuta harufu mara moja. Zabibu nzuri hunukia utamu wenye uzito kidogo. Harufu kali inayochoma puani ni salfa. Ya mvinyo ni uchachu ulioanza. Ya ghala bovu ni ukungu. Mbili za mwisho zinatosha kukataa mzigo bila kuendelea.

Pima gramu 100 na uhesabu punje, mara tatu kutoka sehemu tofauti. Hesabu zikitofautiana sana, saizi zimechanganywa.

Mwaga kilo moja kwenye sinia jeupe lenye mwanga mzuri, uzitandaze, kisha pitia taratibu kwa ncha ya kisu. Tenga vijiti, vikonyo, vijiwe, punje nyeusi zilizoungua, zenye ukungu na zilizo tupu. Hesabu vikonyo. Ukivuka 33 kwenye kilo, hiyo si A ya Marekani, vyovyote itakavyoitwa.

Chukua konzi moja, tia kwenye glasi ya maji ya uvuguvugu, koroga, acha dakika tano. Toa zabibu na utazame chini ya glasi. Mchanga hujionyesha hapo, na ukiusikia ukikwaruza kwenye kioo, hapana haja ya maabara. Tazama na juu ya maji: madoa makubwa ya mafuta yanaonyesha kwamba zimepakwa kupita kiasi, mara nyingi ili zabibu kuukuu zing'ae.

Tafuta pia alama za wadudu: nyuzi laini zinazoshikanisha punje, vinyesi vidogo kama vumbi, na tundu kwenye ngozi. Pasua punje kumi uone ndani.

Yasiyopimika mezani, yaani okratoksini A, mabaki ya viuatilifu na kiasi cha salfa, yapeleke maabara yenye ithibati. Kwa katoni kumi huenda gharama isistahimilike, lakini kwa kontena ni kidogo ukilinganisha na mzigo kukwama bandarini.

Hatua ya 9: Andika kila kitu kwenye oda

Oda iseme aina, nchi na mwaka wa mavuno, namna ya kukausha, namba ya rangi, idadi ya punje kwa gramu 100, kikomo cha vijiti na vikonyo, unyevu, salfa, aina ya mafuta, uzito wa katoni na tarehe ya kufungashwa. Mwaka wa mavuno usiuache. Zabibu za Septemba iliyopita na za mwaka mmoja kabla hukaa kwenye katoni zinazofanana, na zile za zamani huwa zimefifia na kukauka zaidi.

Kwenye forodha zabibu kavu huingia chini ya msimbo 0806.20. Utahitaji ankara, hati ya usafirishaji, cheti cha asili, cheti cha afya ya mimea na cheti cha uchambuzi wa maabara kinachotaja namba ya toleo ileile iliyopigwa kwenye katoni. Taratibu za viwango ziko TBS kwa Tanzania Bara, ZBS kwa Zanzibar na KEBS kwa Kenya. Zungumza nao, au na wakala wako wa forodha, kabla mzigo haujapakiwa. Ukaguzi mwingine hufanyika huko unakonunua, na mzigo ukishaondoka bila huo ni usumbufu mtupu.

Hatua ya 10: Ghala la pwani

Zabibu iliyotoka Izmir ikiwa nzuri inaweza kuharibikia Dar es Salaam. Joto la pwani na unyevu wa hewa vinaigusa kila siku. Panga katoni juu ya paleti, mbali na ukuta, zisiguse sakafu wala bati. Chumba cha ubaridi wa nyuzi 15 au chini yake ndicho bora. Usipokuwa nacho, nunua kidogo kidogo na uuze upesi, hasa miezi ya joto. Za zamani zitangulie kutoka. Mfuko wa ndani ukishafunguliwa ufungwe kila jioni, na zabibu zisikae karibu na vitunguu, samaki wakavu au sabuni.

Nondo wa vyakula wakiingia, tenga katoni zilizoguswa siku hiyohiyo. Mzigo mdogo unaweza kuugandisha kwenye friza kwa siku kadhaa ili kuua mayai na viwavi. Mzigo mkubwa ufukizwe na mtaalamu mwenye leseni. Vidonge vya fosfini vinavyouzwa kwa ajili ya nafaka vimeua watu waliolala karibu na ghala, usithubutu kuvitumia mwenyewe.

Baada ya miezi kadhaa unaweza kuona chembe nyeupe juu ya punje. Usizitupe haraka. Weka chache kwenye maji ya uvuguvugu: zikiyeyuka upesi na punje ikabaki na harufu yake, ni sukari iliyoganda, na inaliwa. Zikibaki kama manyoya au pamba, na harufu ya uvundo ikatoka, ni ukungu; katoni hiyo iondoke ghalani. Zilizoganda sukari zitenganishe kwa mkono, uwauzie kwanza waokaji wanaoloweka zabibu kabla ya kuzitumia, kwa bei mliyokubaliana baada ya kuwaonyesha.